Kiporo cha pawa metali: The Forgotten Tales, Intermission au Metal Jukebox, uchukue ipi?

Binamu yangu mdogo kaahidiwa na mama yake, yaani shangazi yangu anayeishi Ujerumani, kwamba akija likizo atamletea CD moja, moja tu, achague mwenyewe. Dogo akanipigia usiku, "Kaka nimekwama." Albamu kubwa kubwa za bendi anazopenda anazo zote kwenye simu, anazijua mpaka mwimbaji anavuta pumzi wapi, sasa anataka zile za mchanganyiko, zile ambazo bendi inaokota nyimbo zilizobaki nje, nyimbo za watu walizozirudia, laivu, nyimbo zao za zamani zilizopigwa upya, wanafunga mzigo mmoja wanautoa. Kabaki na tatu: The Forgotten Tales ya Blind Guardian, Intermission ya Stratovarius na Metal Jukebox ya Helloween. Nikamwambia nipe siku mbili. Nikazisikiliza zote tatu upya kuanzia mwanzo, na kwa kuwa najua hayuko peke yake aliyekwama hapo nikaona niandike kabisa.

Albamu za namna hii mimi naziita kiporo na sisemi hivyo kwa dharau, aliyewahi kula wali wa nazi uliolala ukapashwa asubuhi na chai ya rangi anajua kuna vyakula vinakolea usiku. Ila kiporo si kimoja. Kuna cha kupikwa upya kikawa chakula kingine, kuna cha kutoa kwenye stoo vile vile kilivyohifadhiwa, na kuna bendi inayoacha jiko lake kabisa inaenda kupika mapishi ya majirani. Hizi tatu ziko hivyo hivyo, kila moja aina yake, ndiyo maana mtu akikwambia "hii ni bora kuliko ile" bila kukuuliza unatafuta nini anakupotezea muda.

Kwa ambaye muziki huu mgeni kwake: pawa metali ni metali ya kasi, sauti za juu, viitikio vikubwa ambavyo ukumbi mzima unaweza kuimba, na hadithi za kale, wafalme, mazimwi, safari. Ujerumani na Finland ndiko umelelewa sana.

Nimepima hivi. Kwanza, kilichomo ndani ni nini hasa, maana jina la jalada halikwambii. Pili, nyimbo za watu wamezigeuza zikawa zao au wamezipiga kama walivyozikuta. Tatu, inasikilizika mfululizo au itabidi urukeruke. Nne, inabidi uwe unaijua bendi kwanza au unaweza kuingilia hapo hapo. Halafu mwisho nani inamfaa. Ubora wa sauti sikuuweka kwenye kipimo, zote tatu zimerekodiwa na watu wanaojua kazi.

Zimetoka wapi

Zote tatu zimezaliwa katikati ya albamu mbili kubwa. The Forgotten Tales ilitoka 1996, mwaka mmoja baada ya Imaginations from the Other Side na miaka miwili kabla ya Nightfall in Middle-Earth, na Blind Guardian ni watu wa Krefeld, Ujerumani. Metal Jukebox ilitoka 1999, kabla yake ni Better Than Raw ya 1998 na baada yake The Dark Ride ya 2000, Helloween hawa ni wa Hamburg, na wengi tunawahesabu kama wazee wa mtaa huu kwa sababu ya zile Keeper of the Seven Keys mbili za 1987 na 1988. Intermission ni ya 2001, Stratovarius wa Finland walikuwa wametoka kwenye Infinite ya 2000 na wangerudi na Elements 2003, na hata jina walilochagua maana yake ni mapumziko, kwa hiyo hawakumficha mtu kitu.

Kilichomo ndani

The Forgotten Tales ina nyimbo 13. Saba ni za kwao wenyewe ila karibu zote zimevuliwa gwanda: Bright Eyes na Mordred's Song zimepigwa kwa gitaa kavu, Lord of the Rings, Black Chamber na Theatre of Pain zimepewa okestra, The Bard's Song ni laivu, na A Past and Future Secret imo kama ilivyokuwa, yenyewe tangu mwanzo ni wimbo mtulivu. Sita zilizobaki ni za watu: Mr. Sandman, Surfin' U.S.A. ya Beach Boys, The Wizard ya Uriah Heep, Spread Your Wings ya Queen, Barbara Ann iliyounganishwa na Long Tall Sally, na To France ya Mike Oldfield. Ukiangalia hiyo orodha harakaharaka unaweza kudhani watu wamechanganyikiwa, Beach Boys na Mordred wa hadithi za Mfalme Arthur kwenye sahani moja, lakini subiri.

Intermission ina 15 na hapa ndipo stoo ilipofunguliwa. Nne za mwanzo zilikuwa mpya kabisa wakati huo, Will My Soul Ever Rest in Peace?, Falling into Fantasy, The Curtains Are Falling na Requiem. Zinafuata tatu za watu, Bloodstone ya Judas Priest na mbili za Rainbow, Kill the King na I Surrender, hii ya mwisho laivu. Halafu ndiyo zinamiminika zile za nyongeza, Keep the Flame, Why Are We Here?, What Can I Say, Dream with Me, When the Night Meets the Day, It's a Mystery, Cold Winter Nights, na inafungwa na Hunting High and Low ya laivu.

Nieleze kidogo hapo kwenye nyongeza maana wengi hawajui zinatoka wapi. Japan CD zilizotengenezwa nchini kwao zilikuwa ghali kuliko zilizoingizwa kutoka nje, kwa hiyo kampuni za muziki zikawa zinaomba bendi wimbo mmoja au miwili ya ziada kwa toleo la Japan tu, ili mnunuzi wa kule asikimbilie ya nje. Matokeo yake shabiki wa Ulaya alikuwa na albamu ile ile lakini anakosa wimbo, na wa huku kwetu ndiyo usiseme. Ukizidisha albamu nne tano, unakuta bendi ina nyimbo nzima nzima zimetawanyika dunia nzima, nyingine kwenye toleo la Japan, nyingine zimejificha kwenye singo. Intermission ilizikusanya. Kwa mtu wa zama zile ilikuwa ni huruma kubwa kwa kweli, na hata leo ambapo kila kitu kiko mtandaoni bado ni rahisi zaidi kuliko kuwinda moja moja.

Metal Jukebox haina hadithi ndefu kwenye kipengele hiki: nyimbo 11, zote za watu, wasanii 11 tofauti. Hakuna hata wimbo mmoja wa Helloween wenyewe. Scorpions, Jethro Tull, ABBA, David Bowie, Faith No More, Beatles, Focus, Alex Harvey, Frank Marino, Cream, Babe Ruth. Ukisoma hayo majina utaona walichoacha: hakuna Iron Maiden, hakuna Judas Priest, hakuna yeyote wa kasi kama wao. Ni muziki waliokulia nao.

Nyimbo za watu: wamezigeuza au wamezipiga kama walivyozikuta?

Hapa ndipo nilipokaa sana kwa sababu ndipo bendi inapojulikana. Wimbo wako mwenyewe unaweza kukubeba, wimbo wa mtu unakuvua.

Blind Guardian ndio wanaogeuza zaidi. Chukua Mr. Sandman, wimbo ambao The Chordettes waliutoa 1954, kina dada wanne wanaomwomba mleta usingizi awaletee mpenzi ndotoni, kitamu kama kashata. Blind Guardian wanauanza kwa upole vile vile, sauti zinapandana, unatulia, kisha magitaa yanaingia na ghafla huyo mleta usingizi unaanza kumwogopa. Maneno hayajabadilika! Ni yale yale. Ila sasa unajiuliza huyu anayeingia chumbani usiku ni nani hasa. Kwangu huo ndio ufundi wa kurudia wimbo, kuuonyesha upande uliokuwepo muda wote na hakuna aliyeutazama.

To France nayo. Ya asili ni ya 1984, Mike Oldfield na sauti ya Maggie Reilly, inamhusu Mary malkia wa Scotland, na ni wimbo laini sana. Hansi Kürsch, mwimbaji wa Blind Guardian, ana sauti yenye kwaruza, na ile kwaruza inampa huyo malkia huzuni nyingine, kama vile anayesimulia ni askari wake. Surfin' U.S.A. na Barbara Ann kwa upande mwingine ni furaha tu, hawajatafuta undani, wanacheka na kuimba, na kabla hujawalaumu kumbuka Barbara Ann walishairekodi tangu Follow the Blind ya 1989, kwa hiyo ni tabia yao ya siku nyingi, hawakuitafutia kiki.

Halafu Spread Your Wings. Hii lazima niseme. Wimbo umo kwenye News of the World ya 1977, aliuandika John Deacon mpiga besi wa Queen, unamhusu kijana Sammy anayefagia baa na bosi wake anamwambia hana lolote, na aliyeuimba ni Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar 1946. Kwa hiyo unasikiliza Wajerumani wa Krefeld wanaimba wimbo uliowafikia kupitia koo la mtoto aliyezaliwa Unguja, wimbo wa kumwambia mtu aruke aende mbali. Sijui wengine, mimi kila nikifika pale kiitikio kinapofunguka napata kitu kooni. Wameupiga kwa heshima, hawakuubomoa, wameongeza nguvu na zile sauti zao nyingi zinazopandana, na Queen wenyewe ndio walimu wa huo mtindo wa kupandanisha sauti kwa hiyo ni kama mwanafunzi anarudisha daftari kwa mwalimu.

Stratovarius hawageuzi sana. Kill the King wameipiga kama wanaoenda kuzuru kaburi la babu, na kwa kweli ndicho walichokuwa wanafanya, maana wimbo ule wa Rainbow wa 1978, Ritchie Blackmore kwenye gitaa na Ronnie James Dio akiimba kuhusu mfalme na hila, kwa kasi ile, una karibu kila kitu ambacho pawa metali ilikuja kuwa miaka kumi baadaye. Timo Kotipelto ana sauti safi ya juu, tofauti na ya Dio yenye kifua, na hapo wengine hawamkubali. Mimi namkubali, si lazima kila mtu aimbe kama Dio. Bloodstone ni nzuri, imenyooka, basi. I Surrender laivu inakupa ukumbi na raha ya kusikia bendi iliyo kwenye fomu, ila kama unatafuta mtu akuonyeshe sura mpya ya wimbo hutaipata hapa.

Helloween wako katikati, na inategemea wimbo. Lay All Your Love on Me ya ABBA ya 1980 ndiyo wengi wanaikumbuka, na ninaelewa kwa nini, kile kiitikio cha ABBA kilikuwa tayari kama kwaya ya kanisani, ukiweka magitaa mazito chini yake kinasimama bila kusaidiwa. Ukiwa na wazazi waliokuwa na kanda za ABBA nyumbani watakuja mlangoni kuuliza umeweka nini. Space Oddity ya Bowie, ile iliyotoka Julai 1969 siku chache kabla Apollo 11 haijatua mwezini, Andi Deris anaiimba kwa ile sauti yake yenye mikwaruzo midogo na ninaona imemkaa. The Mexican ya Babe Ruth, ambayo wao wameandika Mexican tu, ina hadithi ya peke yake: ni wimbo wa roki ya Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 70 ambao madijei wa kwanza wa hip hop New York waliupenda kwa sababu ya mdundo wake, kwa hiyo ukiusikia na ukahisi unaufahamu ujue kichwa chako kiko sawa. All My Loving ya Beatles na White Room ya Cream sina cha kusema sana, zimepigwa vizuri lakini mguu mmoja bado uko kwa mwenye wimbo. Halafu kuna kina Faith Healer na Juggernaut ambazo nilikuwa sizijui asili yake kabisa, nikaenda kuzitafuta, na kwa hilo nawashukuru, albamu ikikufungulia milango kumi na moja ya watu wengine imefanya kazi kubwa.

Inakwenda mfululizo?

Metal Jukebox ndiyo inayokwenda vizuri zaidi kwa masikio, kwa sababu imerekodiwa kama albamu moja, watu wale wale watano, sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Nyimbo zinatoka kwa watu wa kila aina lakini zimepikwa sufuria moja.

The Forgotten Tales inapanda na kushuka, na hili ni jambo la kupenda au kutopenda. Unatoka Surfin' U.S.A. unaingia Bright Eyes ya gitaa kavu, yaani umetoka ufukweni umeingia kwenye chumba cha mtu anayelia. Baadaye The Bard's Song laivu, watu wanaimba pamoja na Hansi mpaka nywele zinasimama, na kinachofuata mara moja ni Barbara Ann! Mara ya kwanza nilikasirika. Siku hizi nimezoea, nachukulia kama harusi, kuna muda wa mama kulia na muda wa watu kucheza na vyote viko ukumbi mmoja usiku mmoja. Ila kuna rafiki yangu mpaka leo anairuka, na simlaumu.

Intermission ni ndefu, zaidi ya saa nzima, na nyimbo zimetoka nyakati tofauti. Kinachoiokoa ni kwamba tangu Episode ya 1996 bendi ilikuwa ya watu wale wale, Kotipelto, Timo Tolkki kwenye gitaa, Jens Johansson kwenye kinanda, Jari Kainulainen besi na Jörg Michael dramsi, kwa hiyo haisikiki kama bendi tatu tofauti. Lakini pale katikati zikianza kufuatana zile za taratibu unaweza kusinzia, sisemi ni mbaya, Keep the Flame ni wimbo mzuri sana wa usiku, ila ukizipanga saba zilizobaki nje mfululizo utajua kwa nini baadhi zilibaki nje. Mimi naigawa mara mbili, ya kwanza mpaka I Surrender, ya pili siku nyingine.

Lazima uijue bendi kwanza?

Metal Jukebox hapana. Hata kama hujawahi kusikia Helloween unaweza kuingia, sana sana itakusaidia kama unajua roki ya zamani. Hatari yake ni kwamba utaimaliza na bado hutajua Helloween wenyewe wanaandika vipi, utajua wanapenda nini tu.

The Forgotten Tales nusu nusu. Nyimbo za watu zinamfungulia yeyote mlango. Lakini zile za kwao zinalipa ukiwa umeshasikia za asili. Lord of the Rings ya 1990 kwenye Tales from the Twilight World ni kitu kimoja, ukiijua hiyo halafu ukaisikia ya okestra unaona kama nyumba uliyoizoea imefunguliwa madirisha. Theatre of Pain na Black Chamber zote ni za Somewhere Far Beyond ya 1992, Bright Eyes na Mordred's Song ni za Imaginations. Kwa hiyo ukiwa na hizo albamu tatu umejiandaa vya kutosha.

Intermission ndiyo. Hapa sizunguki. Ukiwa hujasikiliza Visions, Destiny au Infinite anza huko, uje hapa baadaye ukiwa na njaa.

Nani inamfaa

The Forgotten Tales inamfaa mtu anayependa mpangilio wa wimbo, anayefurahi kusikia wimbo mmoja kwa sura mbili, wapiga gitaa kavu, wanakwaya, watu wa hadithi. Haimfai anayetaka kasi muda wote, kasi ipo lakini si ndiyo shughuli.

Intermission inamfaa mpenzi wa Stratovarius. Ni hivyo tu, na ninasema kwa heshima, kuna mtu akiipenda bendi anataka mpaka kilichobaki kwenye sakafu ya studio na yuko sahihi, kuna vito pale chini. The Curtains Are Falling na Cold Winter Nights zingeweza kukaa kwenye albamu yoyote ya bendi hiyo bila aibu.

Metal Jukebox inamfaa mtu mwenye udadisi wa muziki wa miaka ya 60 na 70, au mwenye nyumba yenye watu wa rika mbili wanaogombania spika.

Sasa wewe uko wapi

Kama ndiyo unaanza pawa metali na hujui bendi yoyote kati ya hizi, ningekwambia usianze na kiporo kabisa, lakini kama ni lazima iwe moja ya hizi basi Metal Jukebox au The Forgotten Tales, ya kwanza kama unapenda roki ya zamani, ya pili kama wewe ni mtu wa hadithi na sauti nyingi.

Kama una bando la siku moja tu na unataka kuonja kabla hujaamua, sikiliza Mr. Sandman, kisha Kill the King, kisha Lay All Your Love on Me. Nyimbo tatu, zote za watu, utasikia tofauti ya hizi bendi wazi kabisa, moja inageuza, moja inaheshimu, moja inabeba wimbo begani inatembea nao.

Kama unataka kumshawishi mama au mchumba ambaye akisikia metali anafunga mlango, The Forgotten Tales, anzia Mordred's Song ya gitaa kavu halafu A Past and Future Secret, usimguse na kitu kingine siku hiyo. ABBA ya Helloween iweke wiki inayofuata.

Kama unasafiri usiku basi refu na huna usingizi, Intermission, hapo urefu wake ndio faida.

Kama tayari una The Forgotten Tales na ulichopenda ni zile nyimbo za watu, nenda Metal Jukebox. Kama ulichopenda ni zile za kwao zilizopigwa upya, tafuta Blast from the Past ya Gamma Ray ya 2000, ambapo Kai Hansen, yule aliyewahi kuwa Helloween, aliziimba upya mwenyewe nyimbo zao za enzi ya Ralf Scheepers. Sikuiweka kwenye ulinganisho huu kwa sababu ile si mchanganyiko sana, ni bendi inajirekodi upya, lakini ni jirani wa karibu.

Na dogo? Nilimuuliza kitu kimoja, kati ya hizi bendi tatu ukiwa unatembea barabarani ukasikia wimbo wake ambao huujui, ipi itakufanya usimame? Akajibu kabla sijamaliza, Stratovarius. Basi, albamu zao zote anazo, kilichobaki ni zile zilizotawanyika, mwandikie mama yako Intermission. Ila mwambie shangazi dukani asome na jina la bendi vizuri, maana Dio naye ana Intermission yake ya 1986, rekodi fupi ya laivu, nzuri pia, lakini siyo hii.